Sukari Kwenye Mpira wa Bega

Walinipa dakika tatu. Miaka thelathini na kitu nimesimama wodini, halafu msimamizi wa sherehe ya kustaafu kwangu, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kutandika kitanda, ananionyesha saa yake kabla sijamaliza kusalimia watu. Nikasema asanteni, nikakata keki, nikarudi nyumbani na hasira yangu. Sasa niko kwangu, nje kidogo ya Malava, hakuna wa kunionyesha saa, na nitasema nilichotaka kusema. Habari za vyeo na mishahara nawaachia wanaozipenda. Mimi nataka kuwaambia juu ya mpira wa bega, kwa sababu wiki ile ile ya kuondoka nilimwona mmoja wenu wauguzi akiufunga kwa plasta iliyolowa, na nikanyamaza ili nisiharibu sherehe.

Kwa wale ambao bado hawajaushika: ni mpira mwembamba unaopitishwa chini ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani, ukaingia kwenye mshipa mkubwa na kusimama karibu na moyo. Unawekwa pale mishipa ya mikono imekwisha, au dawa ni kali mno kwa mishipa midogo, au mgonjwa atakaa kwenye dripu wiki nyingi. Kwenye faili una jina refu la Kiingereza. Wodini tuliuita mpira wa bega na kila mtu akaelewa, isipokuwa wakaguzi.

Niliripoti kazini miaka ile ambayo kila mwenye kipande cha shamba alikuwa anang'oa mahindi apande miwa. Miwa ilifika mpaka kwenye ua wa hospitali yetu. Trekta zilipita mchana kutwa zikivuta matrela, na mashamba yalipochomwa kabla ya kukatwa, majivu yalitua juu ya mashuka tuliyoanika, tukafua tena. Wagonjwa wetu nao walitoka huko huko kwenye miwa: aliyejikata panga mguuni, aliyeangukiwa na mzigo, aliyekimbia moto upande usiofaa. Nilikuwa nimetoka chuoni na sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nilidhani kazi ni kupima joto na kuandika.

Aliyenipokea ni Sista Yunia, mwanamke mnene mwenye mikono midogo ajabu. Kwao ni Likuyani, ambako baba yake alipata shamba la mzungu aliyeondoka, na walilima mahindi. Kwa hiyo aliitazama miwa kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemtaka. Hakuniuliza jina. Alinisalimu kwa lugha ya kwao, "Mulembe. Weka huo mkoba chini, njoo ushike mguu huu." Mguu ulikuwa wa mkata miwa, una kidonda ambamo ungeweza kuingiza yai. Sista Yunia akakiosha kwa maji ya chumvi, akakikausha, kisha akachukua kopo la sukari, sukari hii hii ya chai, akakijaza mpaka juu na kukifunga bendeji. Nilifikiri ananipima akili.

Hakuwa ananipima. Sukari inavuta maji kutoka kwenye kidonda kirefu, viini vinakosa pa kuishi, na harufu inakata baada ya siku mbili. Dawa za kupaka zilikuwa zinakuja zikitaka. Sukari haikukosekana hata siku moja, maana ilitengenezwa mwendo mfupi kutoka pale. Kidonda kinaoshwa na kujazwa upya mara mbili kwa siku, la sivyo inayeyuka na kuwa uji. Nilijifunza hivyo siku ya kwanza, na nimefunga kwa sukari miguu mingi kuliko niwezavyo kukumbuka. Wenzangu waliosoma mjini walinicheka, mpaka walipoona miguu inapona.

Mipira ya bega ilikuja baadaye kidogo, kwenye sanduku la msaada, pamoja na madaktari vijana waliotamani kuitumia. Siwalaumu kwa kutamani. Nawalaumu kwa haraka. Sindano zile za kwanza zilikuwa nene na mpira ulipitia ndani yake, na sheria ilikuwa moja tu: ukishausukuma mpira mbele, usiurudishe nyuma kupitia sindano, maana ncha ya sindano ni kisu. Kama umekwama, toa vyote pamoja. Sheria moja! Nimemwona daktari akiambiwa, akiitikia "ndiyo, Sista", na mkono wake ukiurudisha mpira wakati mdomo bado unaitikia. Kipande kilikatika kikabaki ndani. Yule mgonjwa alisafirishwa Nairobi na kipande chetu kando ya moyo ili kikavuliwe huko. Alirudi mzima na akatusalimia vizuri kuliko tulivyostahili.

Mwingine alichomwa ateri badala ya vena, nikabonyeza pale mahali nusu saa mpaka vidole vikafa ganzi, na daktari akaniuliza kama naweza kuendelea kubonyeza kidogo ili akanywe chai. Mwingine, mpira badala ya kushuka kwenda moyoni ulipanda shingoni, na haukugunduliwa mpaka mgonjwa akasema anasikia maji sikioni kila tukifungua dripu. Mgonjwa ndiye aliyegundua! Picha ya eksrei ingetuambia jana yake, lakini mpiga picha alikuwa ameenda matangani Chekalini na ufunguo wa chumba mfukoni.

Na kuna yule ambaye ndugu zake walimkalisha kitako ili ale obusuma, ugali wa kwetu, wakamvuta kwa mabega, na kiungo cha mpira na dripu kikaachana. Tundu likabaki wazi, kifua kikavuta pumzi, na nikasikia sauti ya kufyonza. Msiombe kuisikia. Hewa ikiingia mle inakwenda moja kwa moja moyoni. Nilikunja ule mpira kwa vidole, nikampindua ubavu wa kushoto, Sista Yunia akainua miguu ya kitanda peke yake, akaipandisha juu ya viti viwili. Alipona. Ndugu zake waliniuliza kama sasa anaweza kumaliza chakula.

Nawaeleza haya ili mjue hasira yangu haikuanza bila sababu. Kufikia mwaka niliopewa kuangalia wodi ya wanaume, nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kupiga kelele. Niliwapigia kelele madaktari, wafagiaji, wageni wa saa za kutembelea. Nilidhani wodi inaendeshwa hivyo. Wodi yenye kelele zangu ilikuwa safi, na hilo nililiona kuwa ushahidi wa kutosha.

Hapo ndipo alipoletwa Makokha. Alikuwa mkata miwa wa umri kama wangu, amejikata juu ya kifundo cha mguu siku kumi kabla, akafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Alipofika kwetu taya lilikuwa limejifunga na mgongo umepinda kama upinde. Pepopunda. Ugonjwa huu, kila kelele na kila mwanga unamkaza mgonjwa mwili mzima mpaka anashindwa kupumua. Tulimweka chumba cha pembeni, tukaziba dirisha kwa blanketi, tukaanza dripu yenye dawa ya kulegeza misuli. Dawa ile ilitakiwa iingie usiku na mchana, wiki tatu au nne. Ikikatika, anakufa. Hilo nililijua mimi, daktari alilijua, na mke wake Rispa alilijua bila kuambiwa.

Rispa alikuwa mwembamba, mtulivu, mwenye watoto watatu aliowaacha kwa mama mkwe. Alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda na akazungumza na mumewe kwa sauti ya chini sana, habari za nyumbani, ng'ombe amefanya nini, nani amepita. Nilitaka kumfukuza kwa sababu ya amri ya ukimya. Kisha nikaona kwamba akiongea, Makokha anakazika mara chache zaidi. Nikamwacha.

Kilichonishinda kilikuwa trekta. Kila dereva alipofika kwenye kona ya hospitali alipiga honi, na kila honi ilimwinua Makokha kitandani. Siku ya pili nilitoka na sare yangu nikasimama katikati ya barabara mbele ya matrela mawili ya miwa, mikono kiunoni. Dereva akasimama, akachungulia.

"Sista, kuna nini?"

"Kuna mtu unamuua kila ukipiga hiyo honi!"

"Sasa nisipopiga, si nitakanyaga wale watoto wananyofoanga miwa huku nyuma?"

Alikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi. Tulikubaliana apite polepole kona ile na turn-boy wake, yule msaidizi wa kwenye trela, atembee kwa miguu nyuma ya trela. Alilipeleka neno kwa wenzake, na kwa mwezi mzima trekta zilipita pale kimya kimya kama zinaenda mazishini. Sijawahi kupata utii wa namna hiyo kutoka kwa daktari yeyote.

Siku ya tatu mishipa ya mikono ilikwisha. Daktari Mutiso, kijana mwembamba aliyekuwa ametumwa kwetu mwaka ule, aliamua kuweka mpira wa bega upande wa kulia. Alikuwa na mikono mizuri, nitasema kweli. Lakini mgonjwa wa pepopunda humwambii "shikilia pumzi". Wakati sindano iko ndani Makokha alikazika, kifua kikapanda, na sindano ikagusa pafu. Mpira uliingia mahali pake sawasawa. Saa moja baadaye alianza kuhema haraka na upande wa kulia ukawa haupandi. Hewa ilikuwa imejaa kifuani na pafu limelala. Mutiso akaweka mrija mbavuni, ukashuka mpaka kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, mapovu yakaanza kutoka, na Makokha akapata pumzi. Kwa hiyo sasa tulikuwa na mpira wa bega unaofanya kazi na pafu moja la kutegemea. Mutiso aliandika kwenye faili kwa herufi kubwa kwamba upande wa kushoto usiguswe. Akitobolewa na huko, hana pafu lingine.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu.

Mguu wa Makokha bado ulikuwa na kidonda, na humo ndimo sumu ilikuwa imeanzia. Ulitakiwa kuoshwa na kujazwa sukari asubuhi na jioni. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini. Rispa alikuwa pale, ana mikono, ana akili, na alinitazama kila nilipofunga. Siku ya tano nikamwita.

"Mama, umeona ninavyofanya?"

"Nimeona, Sista."

"Basi utafanya wewe. Osha kwa maji haya ya chumvi, kausha, jaza, funga. Asubuhi na jioni."

Akaniuliza, kwa heshima, "Hii sukari inasaidianga nini?"

Mtu mwingine alikuwa ananiita kutoka wodini. Nikamkabidhi kopo na kumwambia nikiwa nimeshageuka: "Inaua uchafu. Kidonda chochote."

Hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno. Sikumweleza zaidi. Kanuni ya hospitali ilikataza ndugu kufunga vidonda, na niliijua, lakini kazi ilikuwa inanizidi na yeye aliifanya vizuri. Ule mguu ulianza kuwa mwekundu na safi ndani ya siku nne. Nilimsifu mbele ya wagonjwa wengine, na nilikuwa mchoyo wa sifa.

Kisha nikaenda mapumziko ya siku mbili. Aliyeshika zamu hakubadilisha bendeji ya mpira wa bega, maana plasta ilikuwa imekwisha stoo na hakuna aliyekwenda kuomba wodi nyingine. Niliporudi asubuhi ya siku ya kumi na mbili nilikuta Makokha ana joto kali, anatetemeka, jasho limelowesha godoro. Nikamwita Mutiso. Wakati tunamsubiri nikafunua bega nione.

Bendeji ilikuwa imefungwa upya kwa kitambaa cha leso, kwa unadhifu, ncha zimekunjwa. Nilipoivuta ilinata vidoleni. Chini yake kulikuwa na uji wa sukari uliochanganyika na usaha kuzunguka mpira, na mstari wa sisimizi ulitoka ukutani, ukapanda mguu wa kitanda, ukapita kwenye shuka mpaka pale.

Nilipiga kelele. Mbele ya mgonjwa wa pepopunda, mimi niliyesimamisha trekta, nilipiga kelele. Makokha akakazika palepale, na ilichukua dakika nzima kumlegeza. Nilipomgeukia Rispa nilikuwa nanong'ona, lakini ni mnong'ono ambao ungechubua rangi ya ukuta.

"Ni nani alikuambia uguse hapa?"

"Sista, kulikuwa na usaha. Juzi na jana hakuna mtu alikuja kufunga. Na wewe ulisema kidonda cho—"

"Nyamaza!"

Nami nikasikia maneno yangu mwenyewe, yale niliyoyatupa nikiwa nimegeuka, yakinirudia kichwani. Tundu la mpira si kidonda cha mguuni. Kidonda kile kina chini, tundu hili halina, linaishia moyoni. Sukari ikiyeyuka pale inalegeza plasta, inaita wadudu, inabeba viini kufuata mpira hadi ndani. Ningemweleza haya kwa dakika moja angeelewa, kwa sababu alielewa mambo haraka kuliko wanafunzi wangu. Sikuwa nimempa ile dakika.

Mutiso akaingia. Alikuwa amebeba waya na mpira mpya. Siku hizo tulikuwa tumeshapata waya: unaupitisha ndani ya mpira wa zamani, unavuta mpira, unateleza mpya juu ya waya ule ule, tundu lile lile, hakuna sindano mpya wala hatari kwa pafu. Kwa mpira ulioziba ni njia nzuri. Kwa tundu lenye usaha ni kuhamisha uchafu kutoka mpira huu kwenda mwingine. Kama asingejua hali ya tundu, angetumia waya, na mimi nilikuwa nimeshashika shashi ya kufutia. Ningeweza kulisafisha lile bega kabla hajainama. Nawaambia ukweli, wazo hilo lilinipitia.

Sikulisafisha. Nikasogea pembeni aone. Kwa hilo najipa sifa, na ni hilo tu.

Akainama, akaona sisimizi, akaona leso. Uso wake ukabadilika. "Nani amefanya hivi? Nani amemfundisha huyu mama kuweka sukari?"

Nilifungua mdomo. Nilijua nikisema itaandikwa barua, nitahojiwa kwa nini ndugu wa mgonjwa anafunga vidonda katika wodi yangu. Nilikuwa bado natafuta sentensi ya kuanzia wakati Rispa aliponitazama, mara moja tu, kisha akamtazama daktari.

"Ni mimi, daktari. Nilifikiria mwenyewe tu."

Na mimi nikafunga mdomo.

Mutiso akaamuru asikanyage chumba kile tena. Rispa akachukua mkeka wake, akatoka nje, akakaa kwenye nyasi chini ya dirisha lililozibwa blanketi. Nikaandika kwenye faili kwamba mke wa mgonjwa ameonywa.

Kulikuwa na mtu wa kuokolewa, kwa hiyo tuliendelea. Tundu la kulia limeoza, kushoto hakuguswi, waya haufai. Mutiso alisimama akiupigapiga mpira mpya kwenye kiganja, na nikaona kwamba hajui. Nilikwenda kumwita Sista Yunia, ambaye wakati huo walikuwa wamemweka stoo ya vifaa kwa sababu ya magoti. Alikuja taratibu, akapapasa mkono wa kulia wa Makokha juu ya kiwiko, upande wa ndani, macho amefumba.

"Hapa ndani kuna mshipa, daktari. Mnene. Sindano haiufikii, ni wa kukata. Zamani tulikuwa tunakatanga hivi kila siku."

"Na utafika karibu na moyo?"

"Mpira ukiwa mrefu utafika. Pima kwanza."

Wakapima kwa uzi, kutoka kiwiko hadi kwapa, hadi mtulinga, ukashuka kidogo kifuani, wakafunga fundo kwenye uzi. Mutiso akakata ngozi, akausaka mshipa kwa koleo huku Yunia ameshikilia mkono ule usitetemeke, akauinua kwa nyuzi mbili, akaufungua tundu dogo, akaingiza mpira mpaka kwenye alama. Damu ikarudi vizuri. Dripu ikafunguka. Kisha tukautoa ule wa bega: kichwa chini, miguu juu, na kwa kuwa hawezi kushikilia pumzi, Mutiso alisubiri anapotoa pumzi ndipo akavuta, na mimi nikabonyeza shashi papo hapo, dakika kumi bila kuchungulia. Mkitoa mipira ya bega fanyeni hivyo hivyo, hata kama mgonjwa ana haraka, hata kama nyinyi ndio mna haraka. Mpiga picha alikuwepo siku hiyo, sijui kwa bahati gani. Ncha ilikuwa mahali pake.

Joto lilishuka siku ya nne baada ya hapo. Lakini kukazika kuliongezeka, na nilijua kwa nini: sauti ya chini iliyokuwa inamtuliza ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilivumilia siku mbili. Ya tatu nikatoboa lile blanketi la dirishani upande wa chini, nikamwambia Rispa aongee kupitia pale, na Mutiso alipouliza nani ametoboa nikasema panya. Mguu niliufunga mwenyewe, asubuhi kabla ya zamu na jioni baada ya zamu. Nilijiambia hiyo inatosha. Kila asubuhi nilipita karibu na ule mkeka na kila asubuhi nilisema nitamwambia daktari leo. Mutiso akahamishwa kwenda kwingine kabla ya mwezi kwisha, na nikasikia nafuu, na nikaichukia ile nafuu.

Makokha alitoka kwa miguu yake, mkongojo mkononi, shingo bado ngumu, wiki ya sita. Alipotangulia nje, Rispa alikuwa bado anakunja blanketi kitandani. Wodi ilikuwa imetulia na hapakuwa na mtu karibu. Nikamwendea.

"Mama, ile siku ya sisimizi. Kwa nini hukusema ukweli? Mimi ndiye nilikuambia kidonda chochote."

Hakushtuka. Alikuwa analijua swali hilo muda mrefu kuliko mimi. Aliweka blanketi ndani ya mfuko, akanyoosha mikunjo, akaongea kwa ile sauti ya chini aliyokuwa akimwongelesha mumewe.

"Sista, wewe unakasirikanga sana. Daktari anakujanga kidogo anaenda. Wewe ndiye ulikuwa unabaki na bwana yangu, na hawezi kuongea, hawezi hata kufungua mdomo akatae. Nikasema nikikutaja, ile hasira utampelekea yeye."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyotaja bei ya mahindi. Nilitaka kumwambia kwamba nisingemfanyia mgonjwa jambo kama hilo, kwamba hasira yangu ilikuwa kwa ajili yao. Nikatafuta kitu kimoja alichowahi kuniona nikifanya ambacho kingemfanya aniamini, katika wiki zote sita. Sikukipata haraka, na yeye hakungoja.

Nilimbebea mfuko wake mpaka langoni. Njia nzima alinishukuru, mara tatu, mara nne, kwa unyenyekevu mwingi, na hakuacha kunishukuru mpaka yeye na mumewe walipokuwa wamevuka lango.